Kuzeeka na Kuzeeshwa: Je, Tarakilishi Kuukuu Iendelee Kuhudumiwa?

Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndivyo walivyonena wahenga. Wahenga hao hao wakageuka wakatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Muhula uliopita methali hizi mbili zilipigana masumbwi darasani mwetu, siku ya mdahalo wa Chama cha Kiswahili. Hoja ilikuwa: "Programu endeshi ziendelee kuhudumia tarakilishi kuukuu." Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Nilipewa dakika nne, nikazimaliza kwa kusema mengi na kueleza machache, na upande wetu ukashindwa kwa kura. Mlezi wa chama akaniambia kwamba kama kweli ninayo ya kusema, niyaandike. Haya basi, mpenzi msomaji, keti nikueleze, maanake jambo hili kwetu nyumbani si la mdahalo tu. Ni la unga.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Tarakilishi ndiyo kompyuta. Vitabu vyetu hulipenda neno la kwanza, lakini sokoni husikii ila la pili. Mimi nitayatumia yote mawili, na asiyeridhika amwandikie mhariri.

Ndani ya mashine hii kuna vitu vya kushikika: kichakataji ambacho ndicho ubongo, kumbukumbu, diski, kioo, kibodi na kadhalika. Vyote hivi ni mabubu. Kinachovifanya visikilizane ni programu endeshi. Huyo ndiye mnyapara wa shamba lote. Ukibofya herufi A, yeye ndiye anayeitoa kwenye kibodi na kuipeleka kwenye kioo. Ukitaka kuchapa barua, yeye ndiye anayemwita mkalimani wa printa. Windows ni programu endeshi, Linux ni programu endeshi, macOS ya kampuni ya Apple vilevile, na ile Android iliyo katika simu ya mama yako ni ya ukoo huo huo.

Sasa, mnyapara akisemekana anaihudumia mashine fulani, maana yake ni nini? Wengi katika mdahalo walidhani maana yake ni kwamba mashine itawaka. La hasha! Mashine inaweza kuwaka miaka ishirini. Kuhudumia ni kwamba watengenezaji wangali wanaijaribu programu yao juu ya mashine za aina hiyo, na matundu yakigunduliwa wanayaziba na kukutumia kiraka bila malipo. Matundu hayaishi, kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kuandika mamilioni ya mistari ya programu asikosee. Siku viraka vinapokoma, tarakilishi haizimi. Inaendelea kuwaka kama jana na juzi, huku mlango wa nyuma uko wazi na mwenye nyumba hana habari.

Shangazi yangu ana saiba karibu na stendi ya matatu. Si kubwa. Ni tarakilishi tano, printa moja, skana moja na viti vya plastiki. Watu huja kuandikiwa barua, kuomba nafasi za vyuo, kuchapa matokeo na kujaza fomu za ushuru. Zile tarakilishi alizinunua mwaka 2022, za mitumba, kwa mkopo wa chama cha akina mama, na mkopo wenyewe akamaliza kuulipa Agosti 2025. Pesa za chakula changu cha mchana shuleni hutoka pale. Mimi hutoka shule saa kumi na kumsaidia mpaka magharibi.

Oktoba mwaka huo huo akaja fundi mmoja. Akaketi, akabofyabofya, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya mahututi.

"Mama, hizi zimekwisha," akasema. "Programu yake imekufa mwezi huu, na ile mpya haiingii. Ukiendelea nazo, wezi wataingia mpaka kwa akaunti za wateja wako."

"Zote tano?" shangazi akauliza.

"Zote. Mimi nitakusaidia nizichukue elfu mbili mbili, halafu nikuletee zingine kwa elfu thelathini na tano."

Shangazi alinyamaza. Hesabu si ngumu: tano mara 35,000 ni shilingi 175,000, na yeye ndiyo kwanza ametoka kwenye deni. Usiku ule hakula.

Fundi yule alisema kweli nusu, na ile nusu ya kweli ni hii. Windows 10 ilitoka Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ikaacha kutoa viraka vya bure kwa watu wote kama ilivyokuwa ikifanya. Aliyetaka kuendelea kupata viraka vya kawaida alitakiwa ahamie Windows 11, ambayo ilikuwa imetoka Oktoba 2021. Nayo ina masharti yake. Inataka kumbukumbu ya GB 4, diski ya GB 64, na kitu kiitwacho TPM 2.0, yaani kisanduku kidogo ndani ya mashine cha kufungia funguo za siri. Juu ya hayo, kichakataji lazima kiwe kwenye orodha. Kwa vichakataji vya Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha 8, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Tarakilishi za shangazi ni za kizazi cha 6, cha mwaka 2015.

Hapo ndipo lilipo fumbo. Mashine za shangazi zina kumbukumbu ya GB 8 na diski ya GB 256. Siku moja niliingia katika mipangilio yake ya ndani, nikakuta hata TPM 2.0 imo, ila ilikuwa imezimwa. Kwa hiyo zina karibu kila kitu kilichotakiwa. Kilichozikosesha ni jina kutokuwa kwenye orodha, kama mwanafunzi aliyelipa karo na kuvaa sare lakini bawabu anamwambia, "Wewe huko hapa, rudi nyumbani."

Si kwamba mwenye orodha hana sababu. Microsoft ilisema inataka usalama na mashine zisizozimikazimika, na tujue kwamba kichakataji chenyewe nacho huweza kuwa na kasoro. Januari 2018 dunia iliambiwa kuhusu kasoro mbili, Meltdown na Spectre, ambazo hazikuwa katika programu bali katika jinsi vichakataji vyenyewe vilivyobuniwa. Ilibidi programu endeshi zishonwe viraka vya kuzuia, na baadhi ya mashine, hasa zile za zamani, zikapungua kasi. Lakini ukichunguza utaona kwamba hata vile vichakataji vya kwanza vya kizazi cha 8, vilivyo kwenye orodha, viliguswa na kasoro hizo. Basi kizazi cha 6 kilikosa nini?

Linganisha na jambo jingine. Mwaka 2024 toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 lilianza kudai kwamba kichakataji kijue amri fulani ziitwazo SSE4.2 na POPCNT. Vichakataji vya Intel vya kabla ya mwaka 2008 havina amri hizo. Hazimo, basi. Kuvilazimisha ni kama kumtaka kuku anyonyeshe. Hapo mimi sina ugomvi na mtu, maana mashine hiyo imezeeka yenyewe. Lakini mashine yenye nguvu, yenye kumbukumbu, yenye kisanduku cha funguo, ikakataliwa kwa orodha, hiyo haikuzeeka. Imezeeshwa. Hii ndiyo tofauti niliyoshindwa kuieleza katika zile dakika nne, nami naona ndiyo kiini cha mambo yote.

Dada mmoja wa kidato cha nne, ambaye ni hodari wa mdahalo, alinishinda kwa sentensi moja. Alisema, "Ukimngojea kila abiria, matatu haiondoki stendi." Darasa zima likapiga makofi. Naye alikuwa na haki, lazima nikiri. Kuihudumia mashine ya zamani si bure. Fikiria mwalimu mmoja amepewa darasa moja lenye kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne kwa pamoja. Kila akifundisha jambo jipya, sharti asimame awaulize wale wa kwanza kama wameelewa, abadilishe mfano, arudi nyuma, na wale wa nne wanapiga miayo. Waandishi wa programu endeshi ndivyo walivyo. Kila aina ya mashine inayobaki ni njia nyingine ya mchepuko ndani ya programu, na kila mchepuko ni mahali pengine pa kujaribu na pengine pa kukosea.

Mfano ninaoupenda sana ni wa Linux yenyewe. Mwaka 1991 kijana mmoja wa miaka 21, Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki nchini Finland, alianza kuandika programu endeshi yake juu ya tarakilishi yenye kichakataji cha Intel 386. Programu ile ilizaliwa juu ya 386, na kwa miaka mingi iliendelea kuihudumia. Tatizo ni kwamba 386, iliyotoka mwaka 1985, haikuwa na amri moja muhimu ambayo vichakataji vilivyofuata vilikuwa nayo, ile ya kulinganisha na kubadilisha thamani katika kumbukumbu kwa pigo moja bila kuingiliwa. Kila walipotengeneza sehemu za ndani kabisa, ilibidi watafute mchepuko kwa ajili yake. Intel waliacha kuitengeneza mwaka 2007. Desemba 2012 Torvalds akakubali 386 iondolewe, wala hakulia machozi, ijapokuwa ndiyo iliyokuwa mashine yake ya kwanza ya Linux. Kutoka 1985 mpaka 2012 ni miaka 27. Hiyo ndiyo ninaiita kustaafishwa kwa heshima! Tena hata wakati huo, mwenye 386 yake angeweza kubaki na toleo la zamani na kulirekebisha mwenyewe, kwa kuwa Linux iko wazi kwa kila mtu kuisoma na kuibadilisha.

Halafu si kila mara mashine kuukuu inapokosa kitu ni lazima iachwe. Wapenzi wa hisabati, tazameni hili. Programu nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Zile zilizotumia nafasi ya biti 32 zinaweza kufika 2,147,483,647 tu, na sekunde hizo zitatimia tarehe 19 Januari 2038. Baada ya hapo saa itaruka kurudi mwaka 1901. Tarakilishi za biti 32 zilionekana zimehukumiwa. Lakini waandishi wa Linux waliketi, wakapanua ile nafasi ya kuhesabia kwa programu, na toleo la 5.6 la mwaka 2020 likawa limewezesha hata mashine za biti 32 kuvuka mwaka huo. Kichakataji hakikuguswa. Palipo na nia pana njia, si ndio?

Turudi kwa yule dada na matatu yake. Jibu nililolipata nikiwa njiani kwenda nyumbani (majibu mazuri huja mdahalo ukiisha) ni kwamba sisi wenyewe tuliokuwa katika chumba kile ni abiria wa zamani. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na sisi tulioufanya ndio kundi la mwisho. Mwaka huu wa 2026 tuko kidato cha tatu na nyuma yetu hakuna kidato cha pili. Kuna Gredi ya 10 yenye masomo mengine na vitabu vingine. Je, serikali ilituambia, "Mtaala wenu umekufa, nendeni nyumbani"? Haikufanya hivyo. Walimu wangali wanatufundisha kwa mtaala wa zamani, na KCSE yetu imepangwa mwaka 2027. Ni gharama, ndiyo, kuendesha mitaala miwili shule moja. Lakini gharama hiyo ilijulikana mapema, na tarehe ya mwisho ilitangazwa tangu zamani.

Na hapa ndipo upande wa pili ulipokosea walipodai kwamba viraka vya Windows 10 haviwezekani tena. Viraka vipo! Vinashonwa! Mwaka 2025 Microsoft ilitangaza kwamba mtu wa nyumbani anaweza kuendelea kuvipata mpaka Oktoba 2026 kwa dola 30, au bila pesa kwa masharti fulani. Makampuni yakaambiwa yanaweza kuvinunua mpaka miaka mitatu, dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei ikipanda maradufu kila mwaka. Toleo moja la Windows 10 la mitambo maalumu litahudumiwa mpaka Januari 2032. Basi si suala la kushindwa. Ni suala la nani apewe na kwa bei gani.

Sasa niungame dhambi yangu. Tangu mwaka 2023 mashine za shangazi zilikuwa hazipati viraka hata vile vya bure. Kwa nini? Kwa sababu mimi mwenyewe nilivizima. Vilikuwa vinakula bando. Asubuhi shangazi ananunua bando la siku, kufika saa nne limekwisha na hakuna mteja aliyeingia. Nikaona mimi ni mjanja, nikaingia katika mipangilio nikasimamisha kila kitu. Machi 2025 mteja akachomeka flashi, virusi vikaingia, na mswada wa utafiti wa mwanafunzi mmoja wa chuo, kurasa arobaini na kitu alizokuwa amezihifadhi kwetu, ukageuka herufi za ajabuajabu. Alilia pale pale kwenye kiti cha plastiki. Shangazi alimwandikia upya bure, siku tano, usiku na mchana.

Baadaye nilisoma kuhusu WannaCry nikajiona. Mei 2017 kirusi hicho kilishambulia tarakilishi katika nchi zaidi ya 150, na huko Uingereza hospitali zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Watu wengi husema ni kwa ajili ya Windows XP, ambayo ilikuwa imeachwa Aprili 2014. Lakini mashine nyingi zilizoathiriwa zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa ingali inahudumiwa, na kiraka chake kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili kabla. Hakikuwekwa tu. Kwa hivyo anayepigania mashine kuukuu kama mimi asijidanganye. Kuhudumiwa bila bando la kupokelea huduma ni kama kuandikiwa dawa bila pesa za duka la dawa.

Kuhusu takataka nitasema kidogo, kwa vile kila mtu huzitaja. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za takataka za vifaa vya umeme, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Ndani yake mna risasi na zebaki. Tarakilishi inayokataliwa Ulaya huja kwetu kama mtumba, hilo halinisumbui, ndivyo tunavyozipata. Lakini ikikataliwa hapa, itakwenda wapi tena? Sisi ndio stendi ya mwisho.

Ninalotaka basi si kwamba mashine ihudumiwe milele. Anayeuza aseme siku ya kuuza ni miaka mingapi. Jambo hili linawezekana. Mwaka 2023 Google ilitangaza miaka 10 ya masasisho kwa Chromebook, na tangu Juni 2025 Umoja wa Ulaya umetaka simu mpya zinazouzwa huko zipate masasisho ya programu endeshi kwa angalau miaka 5 baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa. Nasi wanunuzi wa mitumba tungeuliza mwaka wa mwisho kama tunavyouliza bei. Na mashine iachwe kwa kile isichoweza kufanya, si kwa kukosa jina kwenye orodha.

Shangazi hakumuuzia yule fundi. Mwalimu wetu wa somo la tarakilishi aliniazima flashi yenye Linux Mint, ambayo unaweza kuijaribu bila kugusa kilichomo kwenye diski. Tulianza na mashine moja. Intaneti ilishika, printa ikachapa, nami nikaruka kwa furaha, mapema kidogo. Skana ilikataa katakata kwa sababu hatukupata mkalimani wake. Kuna fomu moja ya Excel yenye makro ambayo wateja huileta, nayo haikufunguka sawasawa. Mzee mmoja aliyezoea Word alilalamika, "Mwanangu, hii kitu yenu imebadilika sura, mimi sioni pa kubofya." Shangazi mwenyewe alininunia wiki mbili.

Mpaka Desemba mashine nne zilikuwa zimehamia Linux na masasisho nayafungulia Jumapili usiku, kwa bando ambalo sasa limo katika hesabu ya mwezi. Ya tano imebaki na ile programu ya zamani kwa ajili ya skana na ile fomu. Tumechomoa waya wake wa mtandao. Juu ya kioo chake shangazi amebandika karatasi kwa mkono wake mwenyewe: SKANA NA FOMU TU. USICHOMEKE FLASHI. NAKUONA.